Kutu Kwanza, Injini Baadaye

Mgeni anayekuja kuitazama MGB yangu, gari dogo la michezo la zamani la Kiingereza, kwa mara ya kwanza huomba nimfungulie boneti. Huinama, akazitazama kabureta mbili (vifaa vinavyochanganya hewa na petroli) zilizokaa sambamba, akasifu usafi wa injini, kisha akauliza gari linakimbia kiasi gani. Mimi humjibu kwamba lilipokuwa jipya lilifika takriban kilomita 165 kwa saa, mwendo ambao leo gari la kawaida la familia huufikia bila taabu, na kwamba pale anapopatazama sipo penye shida. Injini ya MGB ni ya chuma kizito, ya kizamani, isiyo na siri. Ikiharibika hutengenezeka, na ikishindikana hupatikana nyingine. Anayetaka kujua kama gari la aina hii ni zima au ni kaburi lililopakwa chokaa sharti apige magoti kando ya mlango, aingize mkono chini na apapase.

Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1962, likaendelea kuundwa hadi Oktoba 1980 katika kiwanda cha Abingdon, mji mdogo ulio kusini mwa Oxford, si mbali na ninapoishi. Ukijumlisha na zile zenye paa la kudumu, zilizoitwa GT na kuanza kuuzwa mwaka 1965, zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi kati yake zilisafirishwa kwenda Marekani. Ndiyo maana hadi leo wauza spea wake wapo pande zote mbili za Atlantiki. Iliyoitangulia, MGA, ilikuwa na bodi iliyofungwa kwa bolti juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, kama lori au Land Rover. MGB haina chesisi ya namna hiyo: bati la bodi lenyewe ndilo linalobeba injini, magurudumu na abiria. Kwa kiwanda kidogo cha magari ya michezo huo ulikuwa uamuzi wa kisasa, na ulilifanya gari liwe gumu bila kuwa zito. Lakini ulimaanisha pia kwamba kutu ikiingia haili pambo, inakula nguzo.

Nguzo zenyewe ni vizingiti, yaani ile mihimili ya bati inayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa nje unaona bati moja lililopakwa rangi na kung'aa, lakini ndani yake kuna bati la kati na la tatu linaloshikana na sakafu, na chini yao kuna reli inayoyaunganisha. Katika gari lisilo na paa hakuna kitu kingine cha maana kinachoizuia bodi isikunjike katikati. Nchini Uingereza halmashauri humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo huchanganyika na tope, ikarushwa na tairi la mbele hadi juu kabisa ndani ya madigadi, mahali ambapo maji ya bomba hayafiki kwa urahisi na mkono haufiki kabisa. Pale tope hukaa na unyevu wake mwaka mzima. Kutoka hapo maji huteremka ndani ya kizingiti, na kama vitundu vya kuyatoa vimezibwa na uchafu au na rangi ya fundi mwenye haraka, bati huanza kuoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona kipele kimoja kwenye rangi, jua kwamba ndani hakuna tena bati la kuzungumzia.

Upo mtihani rahisi ambao muuzaji mwaminifu hatakukataza kuufanya. Weka jeki mahali palipotengwa kwa ajili hiyo chini ya kizingiti, inua gari taratibu, na uutazame mlango. Mwanya kati ya mlango na bodi ukibana, au mlango ukikataa kufunguka, kizingiti kimekwisha, hata kama rangi yake inakuonyesha uso wako. Chukua pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze, uipitishe sehemu ya chini ya madigadi na nyuma ya milango. Inapoacha kushika, hapo chini pana puti, ile lipu ya kuzibia bati lililooza. Fika na nyuma ya viti ukayatazame masanduku ya betri, kwa kuwa magari yaliyoundwa kabla ya mwishoni mwa mwaka 1974 yalitumia betri mbili za volti 6, kila moja katika sanduku lake lililoning'inia karibu na ekseli, na asidi na maji ya barabarani vimeyatafuna masanduku hayo kwa ushirikiano mzuri sana.

Kazi ya kubadilisha vizingiti inaweza kufanyika nyumbani, na mimi niliifanya baada ya kujifunza kuchomelea katika darasa la jioni. Siri yake ni kuliandaa gari kabla ya kukata, kwani moto wenyewe si mgumu kuuzoea. Mlango ukiwa bado unafunga vizuri, unachomelea vyuma vya kukaza kutoka upande mmoja wa uwazi wa mlango hadi mwingine, gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye ekseli na si limening'inia, ndipo unakata upande mmoja tu, unaumaliza, na kila hatua unafunga mlango kuupima. Anayekata pande zote mbili kwa pupa atabaki na gari lenye mgongo uliopinda ambalo hakuna fundi atakayelinyoosha kwa bei ya kustahimilika. Bati ni jembamba, hivyo unachomelea nukta moja hapa, nyingine kule, ukiuacha moto upoe, kwa maana mstari mrefu wa moto hulikunja bati. Ukimaliza, unapulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya kila uwazi hadi itoke kwenye vitundu vya maji, na kila vuli unairudia. Wenye fedha wana njia nyingine: tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi nzima mpya za MGB kwa kutumia vifaa vingi vya asili vya kukandamizia bati, na unaweza kuhamishia kila kitu chako humo. Ni njia safi, ingawa kwangu mimi inapunguza nusu ya shughuli niliyoifuata.

Injini haitatuchukua muda mrefu. Ina sentimita za ujazo 1798, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 95, na tangu mwishoni mwa mwaka 1964 shafti yake kuu inakaa kwenye beringi tano badala ya tatu. Inapenda oili nzito ya aina ya 20W-50 na huchukia kuchelewa kubadilishiwa. Mwanya wa valvu zake nane unaupima mwenyewe kwa vipande vya kupimia, inchi 0.015 injini ikiwa baridi, na hesabu ya kuzifuata ni nyepesi: tafuta valvu iliyofunguka kabisa, toa namba yake kwenye 9, na jibu ndilo namba ya valvu ya kurekebisha. Namba 8 ikiwa chini, yaani imefunguka, unapima namba 1. Namba 3 ikiwa chini, unapima namba 6. Kazi nzima huisha kabla chai haijapoa, naam, tuseme vikombe viwili vya chai.

Kabureta ndizo zinazostahili kupewa muda. MGB ina mbili za chapa ya SU, na chanzo chake kinanifurahisha kila nikikikumbuka, kwa sababu mbunifu wake, George Herbert Skinner, alitoka katika ukoo uliokuwa na biashara ya viatu ya Lilley & Skinner. Alipobuni kabureta yake mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa mvuto wa hewa ilitengenezwa kwa ngozi, kitu ambacho mtoto wa wauza viatu hakukosa kukijua. Baadaye ngozi iliondolewa, ikaja pistoni ya chuma ndani ya kuba la aluminiamu, na wazo likabaki lilelile. Injini ikivuta hewa, pistoni hupanda; chini yake imefungwa sindano iliyochongoka ambayo imeingia katika tundu la petroli; sindano ikipanda, sehemu yake nyembamba ndiyo inayobaki ndani ya tundu, na petroli hupata nafasi zaidi. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidi, bila kompyuta wala mlolongo wa matundu kama ya kabureta nyingine nyingi.

Kurekebisha SU kunahitaji sikio kuliko vifaa. Baba yangu mdogo, aliyekuwa fundi Tanga, alizipatanisha kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, akilinganisha mvumo wa hewa wa moja na wa mwenzake. Nimenunua kipimo cha kisasa chenye mshale, na nimegundua kwamba kinakubaliana na mpira. Hewa ikishalingana, unageukia mchanganyiko. Unainyanyua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, chini ya milimita moja, na kuisikiliza injini: mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, ukishuka papo hapo, petroli imepungua, ukipanda kidogo kisha ukarudi mahali pake, uache hivyo hivyo na uende kwenye ya pili. Nati ya kurekebishia iko chini ya kabureta, nayo huzungushwa upande mmoja wa pembe zake sita kwa wakati, si zaidi. Usisahau kutia oili nyepesi juu ya kuba, maana ikikauka gari husitasita kila unapokanyaga mafuta ghafla, na watu wamebadilisha sindano, plagi na hata pampu kwa ajili ya kosa ambalo tiba yake ni matone machache ya oili.

Hata hivyo, usiguse kabureta kabla ya kupima valvu, mwanya wa plagi, pointi za distributa, kifaa kinachogawa cheche, na taiming, yaani wakati wa cheche, kwa mpangilio huo. Makosa ya cheche hujifanya makosa ya petroli, na anayeanza na petroli hujikuta amevuruga kitu kizima ili kukifidia kibovu. Hapa ndipo penye jambo linalowasumbua wengi siku hizi: spea mpya si lazima iwe bora kuliko kuukuu. Rota na kondensa, vifaa vidogo vya distributa, zinazouzwa kwa bei ya chini hufa mapema, wakati mwingine gari likiwa limetoka tu getini. Mimi kila ninapoondoa kifaa cha zamani kinachofanya kazi, nakifunga kwenye karatasi, nakiandika tarehe, na kukiweka katika buti pamoja na bisibisi.

Tukifika kwenye umeme, tutasikia mzaha ambao kila Mwingereza mwenye gari la zamani hawezi kujizuia kuusema, kwamba Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye kampuni yake iliyapa magari haya taa, dinamo na nyaya, alikuwa Mkuu wa Giza. Nadhani anaonewa. Katika gari hili umeme hutoka betri kwa waya, lakini hurudi kwa kupitia bati la bodi, na mahali kila taa inaposhikana na bodi ni skrubu ndogo iliyokaa kwenye unyevu kwa miaka 50 au 60. Kutu, tena. Taa ya nyuma ikififia unapowasha indiketa, au indiketa ikiwaka pamoja na breki, usinunue chochote. Fungua skrubu, piga msasa hadi bati ling'ae, paka grisi, funga. Vivyo hivyo na viunganishi vyake vidogo vyenye umbo la risasi, ambavyo huvimba kijani ndani ya mipira yao.

Rangi za nyaya za Lucas, kwa upande wake, zilipangwa kwa akili nyingi, na mtu aliyewahi kufungua Land Rover ya zamani Afrika Mashariki atazitambua mara moja kwa kuwa ni zilezile. Kahawia ina umeme wa betri wakati wote na haina fyuzi, kwa hiyo iheshimu. Nyeupe hupata umeme unapowasha swichi. Kijani ni nyeupe iliyopita kwenye fyuzi. Zambarau ni kahawia iliyopita kwenye fyuzi. Buluu ni za taa kubwa, nyekundu ni za taa ndogo, nyeusi inakwenda kwenye bodi. Ukishazijua, taa ya kupimia ya bei ndogo inatosha kufuatilia karibu kosa lolote. Tahadhari moja tu: magari yaliyoundwa kabla ya mwishoni mwa mwaka 1967 yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo, na redio ya kisasa au chaja ya simu ikiunganishwa humo bila kufikiri haitadumu.

Kuhusu zana sina mengi. Spana ziwe za inchi, hasa 7/16, 1/2 na 9/16, kwa sababu spana ya milimita 13 itaingia kwenye kichwa cha nusu inchi na kukudanganya mpaka bolti yenye kutu itakapokataa, ndipo itazungusha pembe zote. Wenye MG za zamani zaidi, zile za familia ya T, wana msiba wao: injini zao, za kampuni ya Morris, zilirithi uzi wa milimita kutoka kwa mashine za Kifaransa za kampuni ya Hotchkiss iliyokuwa Coventry, lakini vichwa vya bolti vikatengenezwa kwa vipimo vya Whitworth, vya kale vya Kiingereza, hivyo uzi unasema Kifaransa na spana inasema Kiingereza. Kwa yeyote mwenye magurudumu ya spoku, nyundo ya shaba ni ya lazima, na akumbuke kwamba nati ya katikati hufunguliwa kwa kuizungusha kuelekea mbele ya gari, pande zote mbili. Meno ya ndani ya gurudumu yapakwe grisi. Ukiona vumbi jekundu likitoka pale, meno yameanza kulana.

Zana isiyo na mjadala ni stendi za kuegemeza gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na hili silisemi kwa kupamba makala. Vumbi la breki za zamani nalo lisipulizwe, kwani vifaa vya enzi hizo vilikuwa na asbesto; lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani na kuozesha silinda kutoka ndani, kwa hiyo mimi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili, na kila nikiwa chini huko hupiga grisi kwenye nipeli za kingipini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia. Zikikosa grisi usukani huwa mzito, kisha unachakaa, na gharama yake inazidi sana ile ya mkebe wa grisi.

Sheria ya Uingereza inayapendelea magari haya. Gari lililopita miaka 40 halitozwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka ikiwa halijabadilishwa mno. Msamaha wa kodi naupokea kwa mikono miwili. Ule wa ukaguzi siutumii, kwa sababu jicho la mtu mwingine lenye tochi, likitazama chini ya gari langu mara moja kwa mwaka, ni msaada ambao singependa kuukosa. Petroli imekuwa mjadala mpya zaidi: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida inaweza kuwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo huvuta maji na kulainisha mipira ya zamani ya mafuta. Nimebadilisha mipira yote kwa ya aina inayostahimili, na gari linapokaa gerejini msimu wa baridi hulijaza petroli ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo. Mpira uliopasuka juu ya bomba la moshi lenye joto haukupi nafasi ya pili.

Na baada ya haya yote unaendesha. Barabara ninayoipenda ni B4507, inayotoka Wantage kuelekea magharibi chini ya vilima vya chokaa, hadi unapomwona juu ya mteremko yule farasi mweupe wa Uffington aliyechongwa na watu wa kale. Ni nyembamba, ina mikunjo isiyotabirika, na gari la kisasa huipita bila dereva kugundua kwamba kulikuwa na mikunjo. Katika MGB kilomita 70 kwa saa zinatosha kukushughulisha mwili mzima: usukani hauna msaada wa umeme wala wa mafuta, kwa hiyo kila kokoto hufika mkononi, kiti kiko chini kiasi kwamba ua wa shamba unakupita juu ya kichwa, na gia ya tatu, ukiongeza ovadraivu, yaani gia ya ziada, kwa kubonyeza swichi, inakubali kupanda na kushuka vilima bila kubadilishwa. Jioni za Juni jua linachelewa kuzama hadi baada ya saa tatu usiku, na paa likiwa limekunjwa unanusa nyasi zilizokatwa, farasi wa Lambourn, na mara kwa mara oili yako mwenyewe. Harufu ya petroli ndiyo ya kukusimamisha, hiyo ya oili unaweza kufika nayo nyumbani.

Kwa msomaji anayetafuta gari lake la kwanza la aina hii, hasa aliye Ulaya ambako yanapatikana, ningemshauri aanze na GT. Kwa kawaida ni nafuu kuliko lisilo na paa, lina nafasi ya mizigo nyuma, na paa lake husaidia kuishikilia bodi, ingawa vizingiti vyake huoza vilevile. Asiyakimbie pia yale ya kuanzia mwishoni mwa 1974 yenye bampa nyeusi za mpira, ambayo yaliinuliwa kutoka ardhini ili kutimiza sheria za Marekani na tangu siku hiyo yamedharauliwa kwa sura yake. Yanaendeshwa vizuri kuliko sifa zao, na springi zake zinaweza kubadilishwa yakarudi chini. Rangi, viti na kromu vinanunulika baadaye. Aende mchana, kukiwa hakuna mvua, akiwa na sumaku, tochi, nguo asizozijali, na rafiki ambaye halipendi gari hilo.